Gari la shokapu za upepo linapolala: kutafuta chanzo kabla ya kununua kompresa

Magari yenye shokapu za upepo si mageni tena mjini Tanga. Zipo Discovery 3 na Range Rover, ipo Mercedes-Benz S-Class ya umbo la W220, zipo BMW X5 ambazo baadhi yake zina upepo kwenye ekseli ya nyuma peke yake, na ipo Toyota Harrier ya toleo la AIRS, ambayo wengi huinunua wakidhani ni Harrier kama nyingine mpaka asubuhi wanapoikuta imelala juu ya matairi yake. Karibu yote huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka mingi kwingine, na mpira wa mfumo huu huchakaa kwa umri kama unavyochakaa kwa kilomita. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili, na unasimama juu ya dai moja: kompresa iliyokufa mara nyingi ni matokeo, si chanzo, na anayeibadilisha bila kutafuta mahali upepo unapovujia anaiandalia kompresa ya pili kifo kilekile.

Mwenye Land Cruiser 100 au 200 iliyo na swichi ya kupandisha na kushusha gari asipoteze muda hapa. Mfumo wa gari hilo hutumia mafuta yanayosukumwa na pampu, si upepo, na dalili zake husomwa kwa namna nyingine. Prado 120, kinyume chake, ina matoleo yenye mapute ya upepo kwa nyuma, na hayo yamo katika habari hii.

Upepo unapita wapi

Penye springi ya chuma katika gari la kawaida, hapa pamekaa puto la mpira wenye nyuzi ndani yake, ambalo sehemu ya chini hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka. Kompresa ya umeme huvuta hewa ya nje kupitia chujio, huisukuma katika kikaushio chenye punje za silika jeli zinazonyonya unyevu, kisha hewa hiyo hufika kwenye bloku ya valvu, ambayo huigawa kwa kila puto kwa mabomba membamba ya plastiki. Magari mengine yana tangi la akiba pia. Karibu na kila gurudumu, au kwenye ekseli, kuna sensa ya kimo inayoieleza kompyuta ya mfumo gari limesimama juu kiasi gani.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita ni safari ya kurudi. Gari linaposhushwa, upepo uliokwisha kukauka hurudi kwa njia ileile, hupita tena katika kikaushio, huzoa unyevu ulionaswa na punje, na kutoka nao nje kupitia valvu ya kutolea. Kwa hiyo kikaushio hujikausha chenyewe kila gari linaposhuka. Gari linalovuja halina nafasi hiyo, kwa sababu kompresa hujaza mfululizo na upepo hutokea kwenye tundu badala ya kurudi nyumbani. Katika mji wa bahari kama Tanga, hasa wakati wa masika, hewa inayovutwa imebeba maji mengi. Punje hulowa, husagika kuwa unga, na unga pamoja na maji huingia katika valvu na kuzifanya zisizibe sawasawa. Hapo uvujaji wa pili huzaliwa ndani ya bloku. Kompresa nayo, ambayo imeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika, hulazimika kunguruma muda mrefu, ringi ya pistoni yake huisha, na mota huungua.

Usalama kwanza

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na upepo. Valvu ikifunguka, au kompyuta ikiamua kusawazisha gari, bodi hushuka bila onyo na hakuna mtu atakayewahi kutoka. Liweke gari juu ya stendi imara chini ya chesi, zima mfumo kwa swichi au kwa utaratibu wa mtengenezaji kabla ya kupiga jeki, na usifungue nati ya bomba lolote kabla ya kutoa upepo wote uliomo. Bomba linalochomoka likiwa na upepo hupeleka mchanga na vipande vya plastiki machoni, kwa hiyo vaa miwani.

Gari linalala likiwa limeegeshwa

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa magari mengi, na ndiyo inayostahili subira kuliko zote. Egesha gari mahali tambarare jioni, pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda kwa kila gurudumu, na andika vipimo hivyo. Asubuhi pima tena kabla ya kufungua mlango wowote, maana katika magari mengi mlango ukifunguliwa kompyuta huamka na kuanza kusawazisha, na ushahidi wa usiku kucha hupotea.

Ukikuta kona moja imeshuka na nyingine zimesimama, chanzo kiko kwenye puto la kona hiyo, bomba lake, nati zake, au valvu inayolihudumia. Ukikuta kona mbili za ekseli moja zimeshuka sawa, shuku bloku ya valvu ya ekseli hiyo kabla ya kuamini kwamba mapute mawili yametoboka kwa pamoja. Lakini ukikuta gari zima limelala, usikimbilie kuhukumu. Discovery 3 na Range Rover za umri huo zina kompyuta inayoamka kila baada ya saa kadhaa ikiwa gari limezimwa. Inapoona kona moja imeshuka, huzishusha nyingine tatu zilingane nayo ili gari lisikae upande. Uvujaji mmoja mdogo huonekana kama maafa ya magurudumu manne. Dawa yake ni kuchomoa fyuzi ya kompyuta ya mfumo wakati wa kuegesha, ili kila kona ijisimamie yenyewe hadi asubuhi.

Discovery 3 moja iliyokuwa ikilala Raskazone, mtaa wa Tanga, ilikuwa imekwisha kuandikiwa mapute manne mapya kwa sababu hiyo. Fyuzi ilipochomolewa usiku, asubuhi ilikuwa imeshuka kona ya nyuma kulia tu. Puto la kona hiyo lilipakwa sabuni pande zote na halikutoa kitu. Sabuni ilipofika kwenye nati ya bomba juu ya shokapu, kwa muda hakukuonekana lolote, kisha vipovu vidogo vikaanza kujipanga ukingoni mwa nati, kimoja baada ya kingine, polepole kiasi kwamba mtu mwenye haraka angekuwa amekwisha kuondoka. Ncha ya bomba ilikuwa na mkwaruzo wa koleo. Ilikatwa kiasi cha sentimita moja kwa wembe, mkato ulionyooka, ikafungwa kwa nati mpya na pete yake, na gari likasimama. Mapute manne yangegharimu pesa nyingi na uvujaji ungebaki palepale, isipokuwa kama fundi angeigusa nati hiyo kwa bahati wakati wa kufunga.

Kwa kipimo cha sabuni, changanya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji, tia katika chupa ya kupulizia, na anza gari likiwa katika kimo chake cha juu kabisa. Katika kimo hicho mkunjo wa chini wa puto hufunguka, na nyufa zilizojificha ndani yake huonekana kwa tochi hata kabla ya povu. Kisha rudia katika kimo cha kawaida, kwa kuwa baadhi ya nyufa huvuja pale tu mpira unapokunjwa mahali fulani; hiyo ndiyo sababu gari jingine hulala likiegeshwa chini na halilali likiegeshwa juu. Pulizia nati zote, maungio ya bomba, na mahali bomba linapopita karibu na chuma au linapoweza kufikiwa na panya. Subiri kila mahali kwa dakika moja au mbili.

Kama povu halionekani popote na gari linaendelea kushuka, bloku ya valvu inavuja kwa ndani, na upepo unatoka kupitia mdomo wa kutolea wa kompresa. Chovya mdomo huo, au kibomba kilichounganishwa nao, katika kikombe cha maji gari likiwa limezimwa: mapovu yanayoendelea kutoka ni jibu tosha. Bloku inaweza kufunguliwa, oringi zake (pete za mpira za kuziba) zilizolalia upande mmoja zikabadilishwa, na unga mweupe au kutu ya kijani ikasafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Petroli isitumike, maana huvimbisha mpira. Mkanda mweupe wa mafundi bomba usitumike kabisa kwenye nati za mfumo huu, kwani vipande vyake huishia katika kiti cha valvu.

Wenye kupanda Lushoto kutoka Mombo huleta lalamiko la peke yake: gari linasimama wiki nzima Tanga, na usiku mmoja tu mlimani linashuka. Sehemu ya jambo hilo ni kawaida. Upepo uliojazwa kwenye joto la nyuzi 30 ukipoa hadi nyuzi 12 hupungua kiasi cha asilimia 6, na gari litashuka kidogo bila tundu lolote. Likishuka kwa vidole vinne, hiyo si baridi peke yake. Oringi zilizokauka hukaza kwenye baridi na kuacha nafasi ambazo joto la pwani lilikuwa likizificha. Pia huko juu, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi zaidi na kompresa huchukua muda mrefu zaidi kujaza, kwa hiyo kompresa iliyochoka hujisaliti Lushoto kabla ya kujisaliti Chumbageni mjini Tanga.

Kompresa inanguruma lakini gari halipandi

Sikiliza kwanza. Ukisikia upepo ukitoka kwenye mdomo wa kutolea wakati kompresa inafanya kazi, valvu ya kutolea imekwama wazi, mara nyingi kwa unga wa silika jeli, na kompresa yenyewe huenda ni nzima. Ukiwa husikii kitu, angalia chujio la kuingizia. Vumbi la chokaa la upande wa Amboni na Pongwe huliziba upesi, na kompresa iliyozibwa pumzi hupata joto bila kutoa kazi.

Baada ya hapo fungua bomba la kutokea, funga geji ya kupima msukumo wa upepo inayosoma angalau hadi bar 20, na uiwashe kompresa kwa muda mfupi. Kompresa nzima za magari haya hupita bar 10 bila kusita. Inayosimama kwenye bar 5 au 6 na kutetemeka imekwisha ringi ya pistoni. Ringi hiyo huuzwa yenyewe kwa aina nyingi za kompresa, pamoja na oringi za kichwa, na fundi makini huibadilisha kwa mchana mmoja. Silinda ifutwe unga mweusi na iachwe kavu. Usitie grisi wala mafuta, kwa kuwa kompresa hizi zimeundwa kufanya kazi bila mafuta, na tone litakaloingia litabebwa hadi kwenye kikaushio na kuharibu punje.

Kikaushio kifunguliwe wakati huohuo, na hapa sioni sababu ya kubania. Punje zilizokuwa duara na sasa zimekuwa chengachenga au tope hubadilishwa zote. Zilizo nzima lakini zimelowa zinaweza kukaushwa katika oveni kwenye nyuzi 120 kwa saa chache, ingawa bei ya punje mpya ni ndogo mno kiasi kwamba kukausha za zamani kunafaa tu ikiwa spea haijafika kutoka Dar es Salaam.

Jambo moja la kukumbuka: gari lililobeba magunia ya machungwa kutoka Muheza kupita uwezo wake linaweza kukataa kupanda huku kila kitu kikiwa kizima. Teremsha mzigo kabla ya kuteremsha kompresa.

Kompresa iko kimya

Acha gari lipoe kwa nusu saa kwanza. Kompyuta huizima kompresa inapopata joto kali, na nyingi zimeng'olewa bure katika hali hiyo. Ikiwa bado iko kimya, pima betri: iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka mara nyingi utaona kati ya 13.8 na 14.4. Mfumo huu hukataa kufanya kazi kwenye umeme dhaifu, na taa yake ya onyo ndiyo hutangulia kuwaka betri inapoanza kuzeeka.

Fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayowasha na kuzima kompresa) zifuate. Fyuzi iliyoungua irudishwe mara moja tu kwa ukubwa uleule. Ikiungua tena, mota inavuta umeme kuliko kawaida au waya umegusa bodi, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kutafuta moto. Chomoa soketi ya kompresa, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya nene zenye fyuzi, kwa sekunde chache. Ikinguruma, tatizo liko kwenye rilei, waya au amri ya kompyuta. Isiponguruma, brashi za mota zimekwisha au kutu imeishika. Angalia pia pini za soketi. Gari linaloegeshwa karibu na bahari, au kuoshwa chini kwa mashine ya maji ya nguvu kila wiki, hupata ukijani kwenye pini ambao mita huuonyesha kama umeme uliopo, lakini umeme huo hupotea mara mzigo unapoanza.

Ikiwa umeme upo na kompresa hupewa amri ya kukaa kimya, kompyuta imejifunga kwa kosa lililohifadhiwa. Hapa inahitajika mashine ya kupima gari inayoingia katika kompyuta ya shokapu. Vifaa vidogo vya bei rahisi husoma injini tu, na mtu akiambiwa "gari halina kosa" kwa kifaa hicho hajaambiwa lolote. Kosa la kujaa taratibu, ambalo kwa Land Rover huandikwa C1A20, halisemi kompresa ni mbovu. Linasema upepo haukuongezeka kwa kasi iliyotarajiwa, na tundu husababisha hilo kama ringi iliyokwisha inavyosababisha.

Kompresa haizimi hata ufunguo ukiwa mfukoni

Rilei imeganda. Ichomoe papo hapo, vinginevyo utaamka ukiwa na betri tupu na mota iliyoungua. Yeyote anayefunga kompresa mpya afunge na rilei mpya siku hiyohiyo. Ni kitu cha bei ndogo, na ile ya zamani imekwisha kuchomwa na umeme mwingi wa kompresa iliyokuwa ikihangaika.

Gari limeinama, au kona moja iko juu kupita kiasi

Kona iliyo juu haiwezi kuwa na tundu. Tazama sensa ya kimo na kijiti chake. Kijiti kilichovunjika au kuchomoka huweza kuiambia kompyuta kwamba gari limeshuka, nayo hulipandisha bila kukoma. Matuta na barabara ya vumbi havina huruma na vijiti hivi vya plastiki. Kama kijiti ni kizima, pima sensa: katika magari mengi hulishwa volti 5, na waya wa ishara husogea kati ya takriban 0.5 na 4.5 mkono wa sensa unapozungushwa. Usomaji unaoruka ghafla katikati ya mzunguko huo unaonyesha sensa iliyochakaa. Taa za mbele zinazomulika angani au ardhini bila sababu ni dalili ya jirani, kwa kuwa magari mengi huzisawazisha kwa sensa hizohizo.

Gari linagonga na kuwa gumu

Ikiwa gari limekaa chini kabisa, unaendesha juu ya raba za kuzuia mgongano. Nenda taratibu, tairi lisikwaruze fenda, na usifike mbali. Ikiwa kimo ni sahihi na bado linagonga, achana na upepo uangalie bushi, boljointi na shokapu inayotoa mafuta.

Kufunga puto jipya

Puto bovu halizibwi kwa kiraka cha pancha, kwa sababu mahali penye ufa ndipo mpira unapojikunja. Ukifunga jipya, lijaze upepo kwa mashine ya kupima kabla uzito wa gari haujalishukia. Puto tupu likikaliwa hujikunja vibaya na kupasuka siku ya kwanza. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa katika kimo cha kawaida. Ekseli ambayo puto moja limekwisha kwa uzee ibadilishwe mapute yote mawili, lakini kama moja lilikatwa na jiwe, la pili likiwa laini bila nyufa, liachwe. Puto la mtumba silishauri hata kwa bei ya kutupa. Bloku ya valvu au sensa ya mtumba inaweza kukufaa ukiipima kwanza.

Wapo wanaong'oa mfumo mzima na kuweka springi za chuma. Kwa gari la zamani linaloishi kwenye njia mbaya, ambalo bloku, kompresa na mapute vimekwisha kwa pamoja, uamuzi huo una mantiki, alimradi springi ziwe za uzito wa gari lile na kompyuta ielezwe kwa kifaa chake, la sivyo taa ya onyo itabaki imewaka. Kwa gari lenye nati moja inayovuja ni hasara tupu.

Kazi ikiisha, kompyuta isafishwe makosa, sensa zilinganishwe upya kwa mashine kwenye sakafu iliyonyooka, na mwenye gari apime tena kwa futi jioni na asubuhi, fyuzi ikiwa imechomolewa, kabla hajamlipa fundi salio.